Rangi Nyekundu ya Gitau

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Waringa aliisikia sauti hiyo kabla hajaona boti wala mtu. Ilitoka nyuma ya banda la yadi, kavu na ya haraka, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Alifunga mlango wa gari, akavuta zipu ya jaketi hadi shingoni, akaifuata. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Machi ikielekea kuisha, na upepo wa mtoni ulikuwa bado unauma masikio.

Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Sare ilikuwa bado mwilini. Waringa alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Silver Spring. Usiku aliwageuza wazee vitandani. Alfajiri aligawa dawa. Kisha alirudi nyumbani akalala, akaamka, akapika, akarudi tena kazini. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake. Lakini leo hakwenda kulala. Alibeba mkebe wa rangi uliobaki nusu, ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Boti ilikaa juu ya magogo. Chini yake Elkanah alikuwa amelala chali juu ya kipande cha katoni, chuma cha kukwangulia mkononi, vumbi jekundu likimwangukia usoni. Nyusi zake zilikuwa nyekundu. Kope zake zilikuwa nyekundu.

"Shemeji," akasema akikohoa, "nimeanza bila wewe."

"Naona. Unafanana na mtu aliyesafiri nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi ya murram."

Elkanah akacheka, akakohoa tena, akaendelea. Kwaru. Kwaru.

Boti hiyo ilikuwa ya Gitau, mume wa Waringa. Elkanah alikuwa rafiki yake. Walipakia mizigo pamoja miaka mingi katika ghala moja huko Landover. Gitau alizaliwa Kinangop, juu kwenye baridi, kwenye viazi na kabeji. Maji aliyoyajua utotoni ni ya tangi na ya umande. Hakujua kuogelea. Lakini alipofika Amerika aliuona mto Potomac. Aliona watu wameketi ndani ya boti wakivua samaki bila haraka yoyote, na moyo wake ukazama humo usitoke tena. Akanunua boti kuukuu ya alumini kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa watoto wake. Kanisani walimtania. Walimuuliza kama anakwenda kuvua viazi. Waringa mwenyewe alimtania kuliko wote. Gitau alitabasamu tu, akaandika jina ubavuni mwa boti: Kinangop.

Kisha akaipaka rangi chini.

Boti inayokaa majini miezi mingi huota vitu. Kwanza hushikwa na utelezi wa kijani. Kisha huota majani. Mwisho huja viumbe vidogo vyenye maganda magumu, vikajishikiza kama misumari. Boti huwa nzito. Injini hunywa mafuta. Ndiyo maana sehemu ya chini, ile inayozama majini, hupakwa rangi maalumu ya kuzuia viumbe hivyo. Gitau alilijua hilo. Lakini alipoitazama boti yake aliona kitu alichokizoea tangu utotoni. Aliona bati. Kwao mabati ya nyumba hupakwa rangi nyekundu ili yasioze. Baba yake alipaka, na nyumba ile bado imesimama. Kwa hiyo Gitau alikwenda dukani akaomba nyekundu iliyo kali kuliko zote. Akapewa. Muuzaji hakuuliza boti imetengenezwa kwa metali gani, na Gitau hakusema.

"Bati ni bati," alimwambia Elkanah. Elkanah naye alikulia chini ya bati jekundu. Aliona ni neno la akili.

Mei ya mwaka uliopita Gitau alikufa kwa saratani. Kanisa na marafiki walisimama na familia, na mwili ukarudishwa nyumbani. Binti yao Serah, mwanafunzi wa chuo huko Fairfax, alisafiri na jeneza la baba yake. Waringa hakusafiri. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Kama angetoka nchini, huenda asingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo alimzika mume wake kwenye simu. Aliketi kitandani amevaa nguo nyeusi, akiwatazama watu wadogo kama vidole wakiimba kwenye kioo. Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakatika. Uliporudi, kaburi lilikuwa limejaa.

Hakutupa udongo. Kwao, mtu aliyefiwa huchota udongo kwa mkono wake, akautupa juu ya jeneza. Ni kitu kidogo. Lakini mkono wa Waringa ulibaki mtupu mwaka mzima, na aliuhisi utupu huo kila alipomfunika mzee blanketi.

Basi akapanga jambo. Siku ya kutimiza mwaka, yeye na Serah na Elkanah wangepanda Kinangop hadi mahali ambapo Gitau alipenda kuvua. Angebeba udongo kutoka kwenye kitalu cha sukuma wiki nyuma ya fleti yao, udongo ambao Gitau aliulima kwa mikono yake. Angeutupa majini. Mchungaji alisikiliza, akakubali. Kilichobaki ni boti kuandaliwa. Na rangi, Waringa alisema, itakuwa ile ile. Mkebe ulikuwa umebaki kabatini. Kifuniko chake kilifungwa na mkono wa Gitau.

"Shikamooni."

Waligeuka. Mwanamke wa makamo, Mmarekani mweusi, alikuwa amesimama na ndoo mkononi, kitambaa cha manjano kichwani. Boti yake ilikuwa jirani na yao, na tangu wiki iliyopita walikuwa wakipungiana mikono. Aliitwa Ashaki. Alijifunza Kiswahili chuoni akiwa kijana, akakipenda hadi kikawa chake. Alikisema polepole, akiheshimu kila neno, na aliwapa shikamoo Waafrika wote, wakubwa kwa wadogo. Elkanah aliamkiwa hivyo mara ya mwisho lini, hakukumbuka. Alitambaa kutoka chini ya boti, akasimama wima, akajibu marahaba kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

Ashaki hakucheka. "Naomba uache kukwangua, ndugu yangu. Vumbi hilo ni sumu."

Elkanah alimwambia ni vumbi la rangi tu. Alikuwa amekwangua mabati tangu akiwa na kaptura.

"Rangi ya nyumba ni nguo," Ashaki akasema. "Hii ni dawa ya kuua. Kazi yake ni kuua chochote kinachotaka kuishi kwenye boti. Nawe unaivuta kwa pua."

Elkanah akajipangusa mdomo. Ashaki akawaonyesha chini. Upepo ulikuwa umelipeleka vumbi hadi kwenye kidimbwi, na kidimbwi kilitiririkia mtoni, kikiwa chekundu kama supu ya nyanya. Kule mtoni, akasema, sumu haichagui. Itaua makinda ya samaki kama inavyoua utelezi. Yadi ilikuwa na sheria: rangi hii haikwanguliwi kavu. Hulowanishwa maji, husuguliwa kwa msasa wa maji, chini hutandikwa turubai, na takataka yote hukusanywa. Mwenye kufanya kazi huvaa barakoa nzuri, miwani, glavu na ovaroli. Watoto na wajawazito hukaa mbali.

Alitoa barakoa mpya kwenye ndoo yake, akampa Elkanah. Kisha akainama kutazama mahali palipokwanguliwa. Alipitisha kidole. Kidole kikatoka na unga mweupe, kama unga wa ugali.

"Boti hii ni ya alumini," akasema.

"Ndiyo," Waringa akajibu.

"Nani aliipaka nyekundu hii?"

"Mume wangu. Marehemu."

"Pole sana, mama." Ashaki alikipangusa kidole chake. Kisha akautazama mkebe. "Na hiyo?"

"Ni yake pia. Ndiyo tutakayopaka."

Ashaki akaiweka ndoo chini. "Mama, msiipake. Nyekundu hiyo naijua, nami ninaitumia. Ina shaba. Shaba inakula alumini."

Waringa alihisi damu ikimpanda usoni. Alikuwa amekesha, alikuwa amechoka, na mwanamke huyu mgeni alikuwa anamhukumu mtu asiyeweza kujitetea. Alisema Gitau aliitunza boti hii kuliko gari lake. Alisema aliipaka kwa mikono yake miwili, akalala chini kama Elkanah alivyolala leo.

"Mume wangu hakuwa mjinga," akamaliza.

"Sikusema alikuwa mjinga."

"Umesema alikuwa anaila boti yake mwenyewe."

"Nimesema rangi ndiyo inayoila. Yeye alitaka kuilinda."

Elkanah hakupenda ugomvi. Alitaka kuona kwa macho. Alichukua bisibisi, akaiweka juu ya doa moja jeupe, akasukuma kidogo tu, kama mtu anayejaribu kama kiazi kimeiva. Bisibisi ikaingia. Haikutoa hata sauti. Alipoichomoa, mwanga wa mchana ulipenya kutoka juu, mwembamba kama sindano, ukamwangukia kwenye kiganja.

Waringa aliutazama mwanga ule. Alimwona Serah ndani ya boti, katikati ya mto. Alijiona yeye mwenyewe, asiyejua kuogelea kama mumewe, ameshika udongo mkononi na maji yanapanda miguuni. Akageuka, akarudi kwenye gari na mkebe wake.

Alikaa na kuuweka mapajani. Kazini hakuwahi kumpa mzee kidonge bila kusoma. Alisoma jina la dawa na jina la mzee. Alisoma kiasi na saa. Alisoma hata dawa aliyoijua kama jina lake. Wazee wawili wanaweza kulala chumba kimoja, wote wana presha, na dawa ya mmoja ikamwangusha mwenzake. Hilo aliwafundisha wafanyakazi wapya kila mwezi. Lakini mkebe huu aliukalisha kabatini mwaka mzima, akaupangusa vumbi, akauongelesha hata, na hakuwahi kuugeuza akausoma mgongoni.

Sasa akaugeuza. Herufi zilikuwa ndogo, lakini hazikuwa zimejificha. Rangi hii ina shaba. Usiitumie kwenye alumini.

Waringa alilia. Mwaka mzima alikuwa amemlilia Gitau kwa sababu alikufa. Leo alimlilia kwa sababu alikosea, na hakuwepo wa kuambiwa.

Alipomaliza alijipangusa, akarudi nyuma ya banda. Ashaki na Elkanah walikuwa wakitandika turubai kimya kimya.

"Dada Ashaki, nisamehe," akasema. "Nifundishe. Nichukue kama mfanyakazi mpya ambaye hajui kitu."

Ashaki alimvutia ndoo, akaigeuza iwe kiti. Alimweleza kwamba shaba na alumini zikikaa pamoja ndani ya maji huwa kama betri. Umeme mdogo hupita kati yao. Hausikiki wala hauonekani. Lakini kila siku alumini hutoa kipande kidogo cha mwili wake, na popote rangi ilipochubuka shimo huchimbika. Maji yakiwa na chumvi, mambo huenda mbio zaidi. Aliuliza Gitau aliiegesha wapi boti wakati wa joto. Elkanah akajibu kwamba ilikaa kule chini, mto unapopanuka, mahali ambapo maji ya juu hukutana na chumvi inayopanda kutoka baharini. Ashaki akatikisa kichwa.

"Lakini boti yako pia ni nyekundu chini," Waringa akasema. "Mbona haijatoboka?"

"Yangu ni ya faiba, plastiki ngumu isiyo metali. Faiba na shaba hazina ugomvi. Mkebe wako ungenifaa mimi kabisa."

Waringa alifikiri. "Kwa hiyo tulikuwa tunampa mgonjwa dawa ya jirani yake."

"Ndiyo, mama. Mimi nimeeleza kwa maneno mengi. Wewe umeeleza kwa moja."

Elkanah hakuwa amekata tamaa na mkebe. Aliuliza kama hawawezi kupaka kwanza rangi nene ya kufunika alumini, kisha juu yake waweke nyekundu hii, ili metali hizi mbili zisigusane. Ashaki alikubali kwamba wapo wanaofanya hivyo.

"Lakini utagonga jiwe siku moja," akasema. "Au gogo. Rangi yote itachubuka hadi kwenye alumini, nawe hutajua. Ugomvi utaanzia hapo hapo. Kwa nini uweke maadui wawili nyumba moja na kutegemea pazia?"

Elkanah akainua mikono. "Basi nimenyamaza."

Walizunguka boti pamoja. Ashaki aliendelea kuuliza, naye Waringa akaendelea kujibu, na kila jibu lilipunguza mikebe ambayo wangeweza kuchagua dukani. Itakaa majini au itatolewa kwa trela baada ya kila safari? Boti ya trela, alisema, mara nyingi haihitaji rangi hii kabisa, huoshwa tu ikakaushwa. Waringa akasema hawana trela, itakaa majini hadi majani yaanze kuanguka. Itakwenda kasi? Elkanah akacheka, akasema injini yake ina umri wa Serah. Basi, Ashaki akasema, hamhitaji ile rangi ngumu ya boti za mbio. Chukueni ile inayoisha polepole kama sabuni. Boti ikitembea, maji huilamba, tabaka jipya hutokea, na dawa inabaki na nguvu. Muhimu ni mkebe useme wenyewe kwamba haina shaba, na kwamba inafaa alumini. Kusikia kwa muuzaji hakutoshi. Wasome wenyewe.

Na rangi ya zamani? Ile lazima itoke yote, akasema, kwa sababu shaba ikibaki chini ya rangi mpya itaendelea kula gizani. Baada ya hapo alumini isafishwe, ipakwe rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili yake, matabaka kama mkebe unavyoagiza, ndipo ifuate rangi ya kuzuia viumbe.

Aliwaonyesha pia kipande cha madini laini kilichofungwa kwa bolti nyuma ya boti, karibu na injini. Kazi yake ni kuliwa kwanza, ili boti isiliwe. Lakini kilikuwa bado kizima, hakijaliwa hata kidogo. Kilikuwa kimepakwa nyekundu.

"Hiki hakipakwi rangi kamwe," Ashaki akasema. "Ukikipaka, umemfunga mlinzi mikono."

Waringa alikigusa. Aliona alama za brashi ya Gitau juu yake, nadhifu, bila tone lililopotea.

"Na nyekundu?" akauliza hatimaye, sauti ikiwa chini. "Isiyo na shaba, nyekundu ipo?"

"Ipo," Ashaki akajibu. "Wekundu haujawahi kumdhuru mtu. Tazama kilichomo ndani."

Jumatatu fundi wa kuchomelea alikuja kuitazama boti. Aliigonga hapa na pale akisikiliza, akaweka alama kwa chaki. Alama zilikuwa nyingi kuliko walivyotarajia. Angechomelea vipande vipya, lakini alikuwa na boti nyingine mbele yao. Kisha rangi nayo ina masharti yake. Haipakwi kwenye baridi wala kwenye unyevu. Kila tabaka hungoja likauke ndipo jingine lije. Ashaki alihesabu kwa vidole, akamwambia Waringa ukweli bila kuuzungusha: siku ya kutimiza mwaka ingewapita.

Elkanah alilichukua jambo hilo vibaya. Alikuwa ameahidi kwenye ibada ya kumuaga marehemu, mbele ya kanisa, kwamba angemtunzia Gitau familia yake.

"Ni siku moja tu, shemeji," akasema. "Kuna gundi ya alumini. Tuzibe mashimo, tupake tabaka moja juu, twende na turudi. Mto ukiwa umetulia hakuna shida."

Waringa aliitazama boti. Siku hiyo ndiyo aliyoingoja mwaka mzima. Aliiwekea alama moyoni kila asubuhi alipotoka kazini jua likichomoza. Sasa alitakiwa kuiachilia, kama alivyoliachilia jeneza.

Akampigia Serah simu, akamweleza yote, mashimo na shaba na tarehe. Serah alizoea kusikiliza Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Alijibu hivyo. Alisema alikuwa anaiogopa boti hiyo tangu mwanzo. Kiangazi cha mwisho cha baba yake, walipokwenda naye, alikuta maji miguuni, na baba yake akamwomba asimwambie mama. Waringa alishika simu kwa mikono miwili. Kisha Serah akasema kwa Kiswahili, neno baada ya neno, "Tungoje, Mami. Dadi atangoja."

Waringa akamgeukia Elkanah. "Nimezika mmoja bila kumwona," akasema. "Sitampeleka Serah mtoni nikitegemea gundi. Tutangoja."

Elkanah aliinamisha kichwa. Kisha akavaa barakoa yake.

Aprili yote walifanya kazi kila Waringa alipopata siku ya mapumziko. Walivaa ovaroli na miwani. Walimwaga maji, wakasugua kwa msasa. Sauti haikuwa tena kwaru. Ilikuwa shwaa, shwaa, laini, kama mtu anayefua nguo. Tope jekundu liliangukia kwenye turubai, wakalikusanya lote kwenye ndoo zenye vifuniko. Hakuna hata tone lililokwenda mtoni. Elkanah hakukohoa tena. Alianza kuwasimamia watu wengine yadini, akiwauliza barakoa zao ziko wapi, hadi Ashaki akamwita bwana mkubwa wa vumbi.

Ndoo zilipojaa, Waringa alizipeleka kwenye kituo cha kaunti kinachopokea sumu na rangi kuukuu. Vitu hivi havitupwi kwenye takataka za nyumbani, wala havimwagwi kwenye mtaro. Alizitoa ndoo moja baada ya nyingine. Mwisho akautoa mkebe wa Gitau. Ashaki angeweza kuutumia, lakini rangi ilikuwa imeganda kwa kukaa, haikorogeki tena. Waringa alikigusa kifuniko mara moja, kwa kidole gumba, mahali ambapo kidole cha Gitau kilibonyeza. Akaukabidhi. Mfanyakazi aliupokea kwa glavu bila kujua ameshika nini.

Mwaka ulipotimia, boti ilikuwa bado juu ya magogo, alumini tupu iking'aa, viraka vya fundi vikionekana kama makovu yaliyopona. Siku hiyo walikusanyika kwenye fleti. Walisali. Walikula mukimo wa viazi na mahindi, na sukuma wiki kutoka kwenye kitalu cha Gitau. Waringa hakutupa udongo. Mkono wake ulikuwa mtupu bado, lakini haukumuuma kama zamani, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kufanya kesho yake.

Walipaka rangi ya kwanza siku ya joto na jua. Baadaye wakapaka nyekundu. Waringa aliusoma mkebe mbele na nyuma, akamsomea Elkanah kwa sauti, kisha akaukoroga hadi chini, kwa sababu dawa hutuama kwenye sakafu ya mkebe kama sukari kwenye kikombe cha chai. Hakuuongezea kitu cha kuupunguza uzito. Alipaka kwa rola, akarudia pale ambapo maji hugonga zaidi, mbele na kwenye mstari wa juu. Kipande kipya cha madini alikiacha kitupu kabisa. Alipomaliza, Ashaki alizunguka boti yote mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Je, mwalimu?" Elkanah akauliza.

"Mimi ningepanda," Ashaki akasema.

Wakapanda siku ya Jumapili, Juni, baada ya ibada. Ashaki alikuja pia, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mto. Wote wanne walivaa majaketi ya kuokoa maisha, na Elkanah aliendesha polepole. Miti ilisogea pande zote mbili. Ndege zilipita juu yao kuelekea uwanja wa ndege, chini kiasi cha kuonekana magurudumu. Boti ilikuwa nyepesi. Elkanah alisema hata injini imesahau umri wake.

Walipofika mahali pa Gitau, Elkanah akazima injini. Kulikuwa kimya. Waringa, kabla ya jambo lolote, aliinua ubao wa sakafu, akapitisha mkono chini. Akautoa. Ulikuwa mkavu. Alimwonyesha Serah kiganja chake, na Serah akakishika, akakibusu.

Kisha akafungua kitambaa cha udongo. Ulikuwa mweusi, bado una mizizi myembamba ya sukuma. Aliuchota kwa mkono wa kulia. Hakukuwa na wimbo wala mtandao wa kukatika. Akautupa. Udongo ulielea kidogo, ukasambaa, ukashuka. Serah akafuata, akatupa wake. Elkanah alivua kofia. Ashaki aliinamisha kichwa.

Waringa aliosha mkono wake mtoni. Akauweka ubavuni mwa boti, chini ya jina Kinangop, pale ambapo wekundu mpya ulianzia. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, lakini akimwambia mtu mmoja tu:

"Gitau, kila mwaka nitaipaka nyekundu. Nakuahidi. Lakini nitasoma mkebe kwanza."